Sura ya Sita: Je, Mshale Huu Niusadiki?

Swali ambalo wenye magari ya kikale katika kisiwa cha Mombasa hawaachi kuulizana, iwe ni barazani Kibokoni baada ya sala ya alasiri au katika foleni ya feri ya Likoni, ni moja tu, ingawa huja kwa sura nyingi: mshale wa petroli wanionyesha nusu tangi, na gari limenizimikia Makupa kwa ukavu, mshale wa joto wapanda hadi penye wekundu, na maji ya rejeta hata hayajakaribia kuchemka, mshale wa mwendo watikisika hata sijui naenda thelathini au sitini, basi nisadiki lipi, mshale au gari lenyewe?

Jibu ambalo mwenye gari hupewa upesi ni kwamba geji imekufa, naye atafute nyingine. Jibu hilo, kwa magari ya umri huu, aghalabu si sahihi, na gharama yake ni kubwa kuliko idhaniwavyo. Mwenye Morris Minor au Peugeot 404 hapati tena geji mpya ya asili dukani, bali huokoteza iliyotolewa katika gari jingine, nayo huenda ikawa na ila zake; na hata kwa mwenye Peugeot 504, gari lililotolewa Ufaransa mwaka 1968 na kuendelea kuunganishwa humu Kenya hadi mwaka 2004, vipuri vya dashibodi vimekwisha kuwa adimu. Geji nzima ikifunguliwa na mkono usio stadi huharibika kweli, na hapo hitilafu iliyokuwa moja huwa mbili. Nimeandika sura hii ili msomaji ajue kuanza utafiti wake mahali pasipo gharama, na aifikie geji yenyewe mwisho kabisa, ikiwa itabidi kuifikia.

Khabari na wapokezi wake

Geji ni chombo chenye mshale, kilichotiwa katika dashibodi, yaani ubao ulio mbele ya dereva. Watu huidhania kuwa yaona, ilhali haioni kitu. Geji ya petroli haijapata kuliona tangi tangu ilipotengenezwa. Hupokea khabari iliyonakiliwa kutoka mbali. Ndani ya tangi mna kipeleka khabari, ambacho mafundi hukiita senda: ni boya dogo lielealo juu ya petroli, lenye mkono mwembamba, na mwisho wa mkono huo pana kidole cha shaba kitambaacho juu ya uzi wa waya uliozungushwa mara nyingi. Boya lipandapo, umeme hupata njia fupi ukapita kwa wingi. Lishukapo, njia huwa ndefu na umeme hupungua. Uzuizi huo wa njia ndio uitwao ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Katika geji nyingi za Smiths, kampuni ya London iliyoanza kwa kuuza saa na ambayo vyombo vyake vilitiwa katika Morris, Austin na Land Rover, tangi tupu hutoa omu 240 hivi, na tangi lililojaa hutoa kati ya 20 na 30.

Wanavyuoni wetu walitufundisha kwamba riwaya haihukumiwi kwa maneno yake peke yake, bali kwa sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi walioipokea mmoja kwa mwenziwe, na kwamba mpokezi mmoja dhaifu hutosha kuidhoofisha riwaya yote hata wengine wote wakiwa waadilifu. Na kanuni hiyo yamtosha kabisa fundi wa umeme wa magari. Mshale ndio msemaji wa mwisho tu. Kabla yake wako boya, senda, waya utokao nyuma ya gari hadi mbele, kidhibiti umeme tutakachokieleza hivi punde, na ardhi, yaani njia ambayo umeme huirudia betri kwa kupitia mwili wa chuma wa gari. Kila mmoja wao sharti aulizwe kwa zamu yake.

Chumvi ya kisiwa

Katika wapokezi wote hao, aliye dhaifu zaidi katika mji huu ni ardhi. Magari haya yaliundwa na watu walioijua mvua na baridi, wala hawakuijua hewa ya pwani, ambayo huingia kila tundu, musimu wa kusi na musimu wa kaskazi sawasawa, ikabeba chumvi hadi chini ya kila skrubu. Gari lilalalo nje karibu na Mama Ngina Drive, au pembezoni mwa Ndia Kuu ambako upepo wa Bandari ya Zamani hupita usiku kucha, hupata kutu ya kijani katika viungo vyake vya shaba na kutu nyekundu chini ya vichwa vya skrubu, hata mwenyewe akiwa mtu wa kuosha gari kila Ijumaa. Kiungo cha namna hiyo hakikatiki kabisa. Hupitisha umeme nusu nusu, na khabari iliyopita katika kiungo hicho huwa si uongo mtupu wala si kweli kamili, jambo ambalo huwasumbua mafundi kuliko waya uliokatika.

Nilimshuhudia fundi mmoja wa makamo huko Mwembe Tayari akijiwa na kijana mwenye Land Rover ya zamani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Lina nini gari?”

“Mshale wa petroli, mzee. Geji nimeshabadilisha, na mshale wangali warukaruka.”

“Ukiwasha taa kubwa, hushuka?”

Kijana akafikiri kidogo. “Hushuka, wallahi.”

Fundi hakugusa dashibodi. Alichukua kipande kirefu cha waya, akakifunga ncha moja katika kichwa cha betri kilichoungwa na mwili wa gari, na ncha ya pili akaigusisha mwili wa senda kwenye tangi. Mshale ukatulia palepale. Kilichobaki kilikuwa ni kukwangua kutu kwa msasa, kukaza skrubu na kupaka grisi kidogo juu yake ili chumvi isirudi upesi.

Swali lile la taa kubwa ni la thamani kuliko vyombo vingi vya duka. Mshale unaobadilika kila taa, honi au kiashirio kitumikapo, watangaza bayana kwamba umeme wa chombo hicho wagombea njia moja na umeme mwingine, na njia yenyewe imesonga. Aanzaye hapa, kabla ya kununua chochote, atakuwa ameimaliza sehemu kubwa ya kesi za kisiwa hiki.

Kwa ufupi, mambo ya kutazamwa kwanza ni haya:

- waya mnene uungao betri na mwili wa gari, na ule uungao injini na mwili wa gari;
- skrubu ya ardhi ya senda ya tangi;
- nyaya za ardhi zilizo nyuma ya dashibodi, ambazo aghalabu hufichwa na redio iliyotiwa baadaye;
- fyuzi na vishikio vyake, ambavyo hushika kutu hata fyuzi yenyewe ikiwa nzima.

Mishale miwili ikikosa pamoja

Hitilafu ya mshale mmoja na hitilafu ya mishale miwili ni mambo mbalimbali. Petroli na joto havina uhusiano wowote ndani ya gari. Basi mishale yake ikipanda pamoja kupita kiasi, au ikilala pamoja, mwenye akili hawezi kusadiki kwamba senda mbili zilizo mbali hivyo zimekufa saa moja. Sharti amtafute mpokezi ambaye wote wawili humtegemea, naye ni kidhibiti umeme.

Geji za Smiths za miaka ya 1960, na nyingi za nchi nyingine zilizofuata mtindo huo, hazina haraka: uwashapo swichi, mshale hupanda pole pole hadi ukafika mahali pake. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili zilizogandamana, ambazo hazitanuki sawa zipatapo moto, hivyo ukanda hujipinda na kuusukuma mshale. Ubora wake ni kwamba mshale hautikisiki petroli ichezapo tangini. Upungufu wake ni kwamba wategemea sana kiasi cha umeme, na umeme wa gari haukai mahali pamoja, kwani betri ipumzikayo hutoa volti 12.6 hivi, na injini ikishika kasi hufika 14. Kwa sababu hiyo pakawekwa kile kidhibiti umeme, kibati kidogo nyuma ya dashibodi, nacho chafanya kazi kwa ukanda wa metali mbili vilevile: hupata moto, hujipinda, hukata umeme, hupoa, huunga tena, mara nyingi kwa dakika, hata wastani wa umeme utokao huwa volti 10.

Sasa tazama uzuri wa utaratibu huu katika kutafuta ila. Kibati kikikosa ardhi yake, ukanda wake haupati moto, haukati kitu, na volti zote za betri hupita. Mishale yote miwili hupanda kupita haki yake, na dereva hudhani ana petroli nyingi na injini ya moto. Ncha zake zikishika kutu zisiungane, mishale yote miwili hulala sufuri. Mwenye kipimo cha umeme cha kawaida, kile chenye nyaya nyekundu na nyeusi, ataona namba zikipanda na kushuka bila kutulia. Hiyo ni afya yake, si ugonjwa. Akiona 12 au zaidi zisizobadilika, au asipoona kitu, amempata mkosaji.

Siku hizi hupatikana vibati vya kisasa visivyo na ukanda, vitoavyo volti 10 kwa uthabiti, navyo mimi navipendelea, kwa sharti moja: magari mengi ya Kiingereza yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye mwili wa gari, kinyume cha desturi ya leo, na kibati kilichotengenezwa kwa upande wa hasi kitaungua mara tu kikiwekwa humo.

Tangi

Ardhi ikiwa salama, na mshale wa joto ukisema kweli, ndipo tulishuku tangi. Ondoa waya wa senda huku swichi imewashwa: mshale ushuke hadi sufuri. Uguse waya huo kwenye chuma safi cha mwili wa gari, kwa muda mfupi tu, maana umeme mwingi hupita na ukanda wa geji huumia ukizidishiwa: katika magari mengi ya Kiingereza mshale utapanda kuelekea tangi kamili. Ikiwa yote mawili yametimia, geji na waya wake ni waadilifu, na dhaifu ni senda. Kazi hii isifanywe penye mfuniko wazi wa tangi, wala penye sigara, wala penye harufu ya petroli iliyomwagika, kwani cheche ndogo ya waya huo yatosha kuliteketeza gari na mwenyewe.

Senda hufa kwa njia tatu. Boya lake la shaba hupata ufa mwembamba, likanywa petroli na kuzama, na mshale hukaa chini milele. Ukilitoa na kulitikisa karibu na sikio utasikia petroli ndani yake, wala usikubali fundi akulehemie likiwa na petroli hiyo, bali tafuta jingine. Mkono wake hupindika mtu aingizapo senda kwa nguvu. Na uzi wake wa waya huchakaa mahali ambapo kidole kimepita mara nyingi, mshale ukawa sawa penye nusu na robo tatu, kisha ukaanguka ghafla chini ya robo. Hali hii hupatikana sana katika magari ambayo wenyewe huyatia petroli kidogo kidogo kila siku, kwani kidole chake hakijatoka chini kwa miaka.

Aliyetengeneza vyote hivyo na bado asadiki nusu nusu, na afanye jambo ambalo wazee walilifanya: alimalize tangi kwa makusudi karibu na kituo, kisha atie lita tano tano, na kila mara aandike mshale umesimama wapi. Karatasi hiyo ikibandikwa ndani ya mlango wa kijisanduku cha dashibodi ni ya kutegemewa kuliko alama za kiwandani. Wenye Volkswagen za mwanzo wa miaka ya 1960 wasihangaike na umeme wa tangi, kwa kuwa geji yao huvutwa na uzi kutoka kwenye boya, na wa kabla ya hapo hawakuwa na geji kabisa ila koki ya akiba.

Joto, na kipimo tulichopewa na bahari

Kuhusu joto, hukumu yangu ni kali kidogo: maadamu hujapata yakini, usadiki mshale. Uongo wa petroli hukugharimu mwendo wa miguu. Uongo wa joto ukidharauliwa, kumbe ulikuwa kweli, hukugharimu kichwa cha injini. Basi anayeiona nyekundu katika foleni ya Likoni, ambako gari hungurumia mahali pamoja na feni haipati upepo wa kuisaidia, azime kwanza, wala asiufungue mfuniko wa rejeta hadi injini ipoe.

Baada ya hapo, uchunguzi wake ni mwepesi, na sisi wa Mombasa tuna bahati ambayo wenzetu wa bara hawana. Mji wetu u usawa wa bahari, na maji ya sufuria humu huchemka kwa digrii 100 za sentigredi; Nairobi, kwa kuwa iko juu kiasi cha mita 1,700, huchemka mapema, karibu na 94 au 95. Toa senda ya joto katika injini iliyopoa, iunge na waya wake wa kawaida, kisha uunge mwili wake na ardhi kwa waya wa pili. Ichovye ncha yake katika maji yachemkayo, washa swichi, na utazame mshale. Mahali usimamapo ndipo penye digrii 100 za gari lako, liwe lolote lile liandikwalo kwenye kioo. Maji yakipoa hadi 80, kwa kipimajoto cha kawaida, utapata alama ya pili, ambayo ni karibu na joto la kazi la injini nyingi.

Mambo mawili humpotosha mtafiti hapa. La kwanza ni senda ya gari jingine: uzi wake waingia sawasawa, umbo lake ni lilelile, lakini ukinzani wake si wa geji hiyo, na mshale utakosa siku zote bila ya kitu chochote kuharibika. La pili ni thamostati, yaani mlango mdogo uzuiao maji yasiingie rejetani hadi injini ipate moto wa kutosha; mafundi wengi wa pwani huiondoa kwa kudhani kwamba nchi ya joto haiihitaji, na tangu siku hiyo mshale hulala chini gari liendapo kasi, mwenyewe akalaumu geji isemayo kweli. Na gari ambalo geji yake ya joto imeungwa kwa mrija mwembamba wa shaba badala ya waya, huo umejazwa kiowevu na kuzibwa kiwandani; ukikatika, haulehemiwi na fundi wa mtaani.

Kanieneo ya mafuta ya injini hainipasi maneno mengi. Ikionekana chini, usiendelee kuliendesha gari kwa ajili ya utafiti. Fundi aifungue senda, afunge mahali pake geji ya mkono yenye mrija, na injini iwashwe papo hapo.

Mwendo

Chombo cha mwendo, au spidomita, hakina umeme hata chembe katika magari haya, ila wa taa yake. Giaboksi, au gurudumu la mbele katika Volkswagen, huuzungusha waya mnene uliosokotwa ndani ya ala yake; waya huo huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu bila ya kukigusa; sumaku hukivuta kikombe, na springi nyembamba hukizuia, mshale ukasimama pale nguvu mbili zinapolingana. Uvumbuzi huu ulipewa hataza mwaka 1902, kwa Otto Schulze wa Strasbourg, na ukaendelea kutumika katika magari kwa sehemu kubwa ya karne ile.

Kabla ya lolote, tazama kipimo chenyewe. Magari mengi yaliyoletwa zama za utawala wa Waingereza husoma maili, na maili moja ni kilomita 1.6, hivyo anayeona 50 akadhani ametii sheria ya mjini, anakwenda 80. Halafu tazama matairi. Tairi lenye mzunguko wa mita 2 huzunguka mara 500 kwa kilomita. Likiwekwa la mita 1.9, huzunguka mara 526, na mshale usemao 100 huwa ni 95 tu. Waendeshaji wa Safari, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo tangu mwaka 2003 yamepata mwenziwe wa magari ya kikale, waliijua hesabu hii vyema: kabla ya kuondoka hupita njia yenye urefu uliokwisha kupimwa, na kipimo cha masafa hurekebishwa kwa tairi zilizopo, kwa sababu msomaji ramani aliyekosa nusu kilomita huikosa njia panda.

Nawe ufanye hivyo. Kisiwani hapana nafasi. Vuka Makupa ushike njia ya Nairobi, au vuka Nyali ushike ya Malindi, asubuhi mapema, na mwenzio asome mwendo wa satelaiti katika simu yake. Kisha zilinganishe khabari mbili, ya mshale na ya namba za masafa, kwani hesabu ya masafa huenda kwa meno ya gia, haitegemei sumaku wala springi:

- masafa na mwendo vikikosa kwa kadiri moja, kosa ni la matairi au gia;
- masafa yakiwa sawa na mwendo ukasoma chini, sumaku imechoka;
- masafa yakiwa sawa na mwendo ukasoma juu, springi imelegea au mafuta yameingia kikombeni;
- mshale ukitikisika, waya umekauka au ala yake imepindwa mno.

La mwisho ndilo lipatikanalo zaidi. Utoe waya, uusafishe, uupake grisi nyepesi, lakini uuache mkavu sehemu ya juu karibu na geji, kwa sababu grisi hupanda na mzunguko hadi ikaingia ndani, na fundi aliyepaka kwa ukarimu huunda hitilafu mpya.

Na ikiwa uchunguzi wote umeishia kwenye geji yenyewe, ipelekwe kwa fundi wa saa au wa vyombo vidogo mwenye mkono mtulivu, pamoja na karatasi iliyoandikwa vipimo vyako vyote, ili asiwe na haja ya kubahatisha. Spidomita ikibadilishwa nzima, namba za masafa za ile ya zamani ziandikwe katika hati za gari pamoja na tarehe, na fundi na mwenye gari watie sahihi, ili atakayelinunua gari hilo kesho apewe jumla ya kweli ya masafa yaliyokwisha kwenda.